Mama hataki kuvua meno ya bandia usiku, na ya chini yanacheza

Dada yangu, swali lako nimelisoma lote, na kwa kuwa najua wenye shida kama yenu ni wengi naliweka hapa kwa kifupi halafu nijibu. Mama ana miaka 68, kazaliwa na kukulia Maji ya Chai kule Meru, meno yake yalikuwa ya kahawia toka utotoni na maisha yake yote akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Mwaka jana yale yaliyobaki yaling'olewa, kama wiki sita baadaye akawekewa meno ya bandia juu na chini, sasa hivi ana mwezi wa nne tangu ayavae. Ya juu hayamsumbui ila ya chini yanacheza, yananyanyuka akiongea, yamemchubua, na kaka yako kapata fundi wa mtaani anayesema atayakaza siku hiyohiyo. Mama anayasugua asubuhi na jioni kwa dawa ya meno iliyochanganywa na unga wa mkaa ili maji ya kwenu yasije yakayageuza rangi, na hayavui hata usiku, baba mwenyewe hajawahi kumuona bila meno. Juzi ukachungulia ukaona kaakaa lote jekundu ila yeye anasema hamna kinachouma. Sasa unauliza, je meno yametengenezwa vibaya, mnunue gundi, au avumilie tu atazoea?

Nianze na hilo kaakaa, maana ndo linanisumbua kuliko kucheza kwa meno. Wekundu unaofuata umbo la seti ya juu, yaani unaishia palepale meno yanapoishia, mara nyingi ni fangasi. Anaitwa Candida na anakaa kwenye vinywa vya watu wengi wazima bila kuleta fujo yoyote, shida ni pale anapopata sehemu yenye joto na unyevu ambayo mate hayapiti kuisafisha, na chini ya seti iliyokaa mdomoni masaa 24 ndo hali yenyewe hiyo. Ile plastiki ngumu ya pinki, akriliki, ukiitazama kwa macho unaona imeng'aa na ni laini, lakini ina vitundu vidogo sana na fangasi anajishikiza humo pamoja na utando wa bakteria. Na hauumi! Ndo maana mama anakwambia hamna kitu, wengi tunawagundua wakiwa wamekuja kwa jambo lingine kabisa. Hebu mwangalie na kona za mdomo, kama zimechanika au zina utando mweupe ni kitu hichohicho kimetokea nje.

Tiba yake siyo ngumu, ni dawa ya fangasi ya mdomoni, mara nyingi nystatin ya maji au jeli ya miconazole kwa wiki kama mbili, na tunatibu vitu viwili kwa pamoja, mdomo na meno yenyewe, kwa sababu ukitibu kaakaa halafu ukarudishia juu yake seti yenye fangasi umefanya kazi bure. Tafadhali usiende duka la dawa ukanunua antibaiotiki, fangasi hasikii antibaiotiki, tena anaweza kuongezeka. Na kama mama anatumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari kabla hajapewa miconazole, hata ya jeli, zinagongana na damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Apime na sukari kama hajapima karibuni, kisukari ambacho hakijadhibitiwa kinampenda sana huyu fangasi. Mnione tu kwamba narudia, lakini dawa hizi zote hazitasaidia kama meno yatabaki mdomoni usiku, akimaliza chupa wekundu unarudi.

Kwa hiyo tuje kwenye usiku. Fizi na kaakaa havikuumbwa kubeba mzigo, vinahitaji masaa ya kupumua na kuoshwa na mate, sita mpaka nane kila siku. Na siyo fizi tu. Kuna utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2015, waliwafuatilia wazee 524 wenye miaka 85 na kuendelea kwa miaka mitatu, waliokuwa wanalala na meno ya bandia walipata nimonia mara mbili zaidi ya waliokuwa wanavua. Ukifikiria inaeleweka, usiku mate kidogo huwa yanapenya kuelekea kwenye mapafu bila mtu kujijua, na mate yaliyopita kwenye seti chafu yanabeba bakteria wengi. Mama yako hajafika 85, ila tabia inayojengwa sasa ndo atakayokuwa nayo akifika huko.

Najua hapa siyo suala la kumpa takwimu. Mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja kwa miaka 60 leo kapata meno meupe halafu unamwambia ayaweke kwenye kikopo kila usiku, mbele ya mume, asubuhi wajukuu wamuone mashavu yameingia ndani. Usimgombeze. Na usimtangazie mbele ya watu, kaa naye nyinyi wawili. Mimi kwa wagonjwa wangu wa aina hii huwa nawapa njia ya kati, avue taa ikishazimwa na avae kabla hapajakucha, kikopo chenye mfuniko kikae upande wake wa kitanda. Ikishindikana kabisa basi achague masaa ya mchana akiwa peke yake, akiwa shambani au wajukuu wako shule, bora masaa sita ya mchana kuliko sifuri. Ila hizi wiki mbili za dawa avue usiku kucha, hapo sina njia ya kati. Wengi wakishazoea wiki moja wanasema mdomo unaamka mwepesi na hawarudi nyuma.

Sasa hofu yake ya maji. Hili nataka umueleze vizuri kwa sababu ndo chanzo cha ule mkaa. Maji ya maeneo yenu yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano ya mlima Meru, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kwenye vyanzo vingi vya huko inazidi, wakati mwingine mara nyingi sana. Lakini floraidi haipaki rangi kwenye jino kutoka nje kama chai inavyopaka. Inaharibu jino likiwa linajengwa, bado liko ndani ya fizi, mtoto akiwa mdogo, ndo maana jino linaota likiwa tayari na madoa au linabadilika baada ya kuota kwa sababu lilishajengwa dhaifu. Meno ya bandia yamejengwa maabara. Mama anaweza kuyaloweka kwenye maji ya Maji ya Chai mpaka mwisho wa maisha yake na hayatageuka kahawia kwa sababu ya floraidi. Mwambie hivyo kwa maneno hayohayo. Kinachoweza kuyabadilisha rangi ni chai ya rangi, kahawa, tumbaku, na utando ambao haukusafishwa.

(Na hapa niongeze jambo la wajukuu japo hukuuliza. Kama wapo hapo nyumbani na hawajafika miaka 8, maji ya kunywa na ya kupikia uji wao yawe ya mvua au ya chanzo kilichopimwa. Kuchemsha hakuondoi floraidi, maji yakipungua kwenye sufuria yenyewe inabaki inakuwa nzito zaidi.)

Mkaa ndo adui wa hayo meno. Dawa ya meno ya kawaida nayo, kwa sababu ina chembechembe za kusugulia, kwenye jino la asili hazina neno maana jino ni gumu, ila akriliki ni laini kuliko jino kwa mbali sana. Kila anaposugua kwa nguvu anachora mikwaruzo midogo, mng'ao unapotea, kwenye mikwaruzo inaingia chai na fangasi, meno yanaanza kufubaa, yeye akiona yanafubaa anaongeza mkaa. Majivu, mchanga, steelwire, vyote hivyo hapana.

Anachotakiwa kutumia ni kitu cha bei rahisi kuliko dawa ya meno, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo tone moja mbili, au kipande cha sabuni kisicho na manukato makali, na mswaki laini wa peke yake kwa kazi hiyo. Ajaze maji kwenye beseni au atandike taulo chini kabla hajaanza, kwa sababu meno mengi yanavunjika yakiponyoka mkononi yakiwa na sabuni na kuangukia sakafu ya sementi. Asishike seti ya chini kwa kuibana ncha mbili kwenye kiganja, umbo lake ni la kiatu cha farasi na ukibana linakatika katikati, ashike upande mmoja huku akisugua, halafu ahamie wa pili. Na upande wa ndani, ule unaogusa fizi, ndo asugue kwa umakini kuliko upande unaoonekana, watu wote wanafanya kinyume. Baada ya kila mlo avue asuuze hata kwa maji matupu, jioni ndo usafi kamili. Halafu asisahau mdomo wenyewe, fizi, kaakaa na ulimi navyo vipigwe mswaki laini au kitambaa safi chenye maji, hata kama hana jino hata moja.

Maji ya moto, hapana. Kuna watu wanadhani wanaua vijidudu kwa kuyamwagia maji ya chai, akriliki inapinda, kidogo tu kwa jicho lakini kwa fizi ni kubwa, na ikishapinda hairudi. Maji ya baridi au vuguvugu. Usiku yakae ndani ya maji safi kwenye kikopo chenye mfuniko, maji yabadilishwe kila siku, maana akriliki ikikauka nayo inabadilika umbo kidogo. Msiyafunge kwenye tishu wala leso, nakuambia yanatupwa na takataka, yanafuliwa, na mbwa wanayapenda kwa sababu ya harufu ya mate.

Kwa kuwa ana fangasi sasa hivi, mnaweza kuyaloweka na Jik mara moja kwa wiki, vijiko viwili vya chai kwenye glasi ya maji ya baridi, dakika kumi na zisizidi, kisha yasuuzwe sanaaa. Hii ni kwa sababu umesema seti zake ni plastiki tupu. Mtu mwenye meno yenye chuma au waya asijaribu, Jik inakula chuma. Kama kuna ugaga mgumu umeganda, siki nyeupe nusu na maji nusu, yaloweke nusu saa halafu asugue, na ole wenu mchanganye siki na Jik kwenye chombo kimoja, inatoka gesi ya klorini ambayo inaunguza mapafu. Vile vidonge vya kuyeyusha vinavyouzwa famasi ni vizuri pia ila kazi yake ni kwenye glasi, havimezwi wala havimumunywi, na hata ukivitumia mswaki uko palepale.

Haya, tuje kwenye ya chini yanayocheza. Hapana, sidhani kama meno yalitengenezwa vibaya, na mama siyo mzembe wa kuzoea. Seti ya juu inafunika kaakaa lote, kati yake na kaakaa kunakuwa na utando mwembamba wa mate na pembeni hewa haiingii, inanata kama kioo kilicholowa kinavyonata juu ya kioo kingine. Ya chini haina kaakaa la kushika, katikati yuko ulimi, nao haukai kimya, pembeni mashavu na mdomo wa chini vinasukuma, kwa hiyo inakaa tu juu ya ukingo mwembamba wa fizi. Karibu kila mtu anayevaa seti kamili, huku kwetu na duniani kote, ya chini ndo inamsumbua.

Kwake kuna sababu ya pili ambayo ni kubwa zaidi. Aliwekewa wiki sita tu baada ya kung'olewa. Jino likishatoka, mfupa uliokuwa umelishika hauna kazi tena na unaanza kuliwa, kwa kasi kabisa ile miezi 6 mpaka 12 ya mwanzo, halafu kasi inapungua lakini hauachi maisha yote. Kuna utafiti maarufu wa mwaka 1972 wa mtafiti anayeitwa Tallgren, wavaaji wa meno kamili walifuatiliwa mpaka miaka 25, na taya la chini upande wa mbele lilipoteza kimo kama mara nne ya lile la juu. Kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa wiki ya sita siyo fizi aliyonayo leo. Meno ni yaleyale, fizi chini yake imeshuka. Sisemi walikosea kumuwekea mapema, kukaa miezi sita bila meno ni mateso na wagonjwa wengi hawakubali, ila alitakiwa kuambiwa siku ya kwanza kwamba hii ni safari na atarudi kujaziwa. Hilo la kutoambiwa naliona kila siku na linaniuma, mtu anapewa meno kwenye kimfuko anaambiwa utazoea, anaenda nyumbani anadhani imeisha.

Kujaziwa, wengine tunaita rilaini, maana yake upande wa ndani wa seti unachukuliwa kipimo upya na kuongezewa akriliki ifuate fizi ya sasa, hatengenezewi meno mapya. Kwa mama ambaye fizi bado inashuka, anaweza kujaziwa kwanza kwa kitu laini cha muda, kinachopunguza michubuko wakati fizi inatulia, halafu mwaka ukishapita anajaziwa ile ngumu ya kudumu. Gharama yake ni ndogo kuliko seti mpya, uliza kabla. Na ni vizuri fangasi apone kwanza kabla ya kuchukua kipimo, fizi iliyovimba inatoa kipimo cha uongo.

Ndo maana huyo fundi wa kaka yako namkatalia moja kwa moja. Nafahamu kwa nini watu wanaenda kwake, yuko karibu, hana foleni, bei yake inalipika. Lakini wengi wa hawa wanachofanya ni kukoroga akriliki ya kuganda yenyewe na kuibandika palepale mdomoni, ile kemikali inaunguza fizi wakati inaganda, ikiganda vibaya kimiminika kinabaki kinaendelea kuwasha, na kwa wale wenye meno yao yamebaki wanaigandisha kwenye meno mazima isivuliwe kabisa, baada ya muda chini yake pameoza pote. Akishaijaza vibaya, sisi hatuna tena kitu cha kuongezea, tunaanza seti upya. Hela ya kuokoa inageuka kuwa hela mara mbili. Vilevile na super glue kama siku yakivunjika, msiguse, vikusanye vipande vyote hata kile kidogo uvipeleke, fundi sanifu wa maabara anaviunganisha vizuri kama kingo zake ziko safi, zikishapakwa gundi na zimekaa upande hazikutani tena.

Gundi ya meno ya famasi ni kitu kingine, siikatazi. Ni nzuri siku ana harusi, kanisani kwenye kwaya, au kipindi cha kusubiri kujaziwa. Anakausha seti, anaweka vitone vitatu vinne vidogo mbalimbali, siyo kuipaka yote kama mkate na siagi, anavaa anabana kidogo. Jioni inatolewa yote, kwenye meno na kwenye fizi. Akianza kuona tyubu inaisha haraka, hiyo ni dalili ya seti kulegea na siyo dalili ya kununua kubwa zaidi. Na chagua isiyo na zinki, kuna watu waliotumia nyingi kwa muda mrefu wakapata ganzi na udhaifu wa miguu kwa sababu zinki ikizidi mwilini inafukuza madini ya shaba, mpaka mwaka 2010 kampuni ya GlaxoSmithKline ikaacha kutengeneza gundi zake zenye zinki.

Kama baada ya kujaziwa bado ya chini inamtesa, ipo njia ya kupandikiza vishikizo viwili vya titani kwenye taya la chini, mbele, na seti inabofya juu yake, anavua na kuvaa kama kawaida ila haichezi. Wataalamu waliokutana Montreal mwaka 2002 walikubaliana kwamba hiyo ndo iwe chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno. Kwa mfuko wa familia nyingi za kwetu bado ni ghali na siyo kila hospitali inafanya, siwezi kujifanya ni jambo jepesi, ila ujue ipo, ili siku watoto mkichanga mjue mnachanga kwa ajili ya nini.

Kuhusu kula, umesema sasa anakunywa uji tu na amepungua. Hapo usimwache. Meno ya bandia yanatoa kama robo ya nguvu ya kutafuna ya meno ya asili, wakati mwingine hata chini ya hapo, kwa hiyo asitegemee mahindi ya kuchoma au miwa, lakini uji wa sukari kutwa nzima siyo chakula cha mtu wa miaka 68. Mtori mnao huko huko, maharage yaliyoiva vizuri, mayai, nyama ya kusaga au iliyochemshwa mpaka ikalegea, mchicha uliokatwa mdogo mdogo, parachichi, papai. Ugali laini hauna tabu. Akate vipande vidogo na atafune pande zote mbili kwa wakati mmoja, tonge nusu kushoto nusu kulia, akitafunia upande mmoja upande wa pili unanyanyuka, na asing'ate kitu kigumu kwa meno ya mbele, embe au tufaa likatwe kisu. Karanga na mbegu zinaingia chini ya seti zinachoma kama msumari, aache kwanza.

Samaki na chai ya moto nataka viwe na aya yao. Kaakaa ndo linatuambia huu ni mwiba, hii imezidi moto. Lake limefunikwa na plastiki, hasikii vizuri. Wavaaji wa meno ya juu wanameza miba na vipande vya mifupa bila kujua na wanaungua koo kwa chai. Samaki achambuliwe kwenye sahani kabla ya kuingia mdomoni, chai aijaribu kwa mdomo wa chini kwanza.

Maneno yatakaa sawa yenyewe, hapo wala msiwe na wasiwasi. Akiwa peke yake ahesabu kwa sauti kutoka sitini mpaka sabini, zile s za sitini na sita na sitini na saba ndo zinazofundisha ulimi mahali pake papya, au asome Biblia kwa sauti kama anavyopenda. Dakika chache kila siku. Ikiwa mdomo unakauka sana, angalia dawa zake, zile za presha za kukojoza, amitriptyline (ya sonona na maumivu ya neva) na nyingine kadhaa zinapunguza mate, na bila mate hata seti nzuri hainati. Asiziache kwa kichwa chake, aongee na daktari wake, na awe anakunywa maji kidogo kidogo.

Na kwa wengine mtakaosoma, hasa wenye jino moja au mawili ya bandia kwenye kibamba kidogo, nyie ndo mko kwenye hatari ya kuyameza, usingizini, kwenye ulevi, kwenye kifafa, au kwenye upasuaji. Mwaka 2019 jarida la BMJ Case Reports liliandika habari ya mzee wa miaka 72 Uingereza aliyelazwa usingizi wa upasuaji akiwa nayo mdomoni, yakaonekana yamekwama kooni siku nane baadaye. Kabla ya upasuaji wowote sema una meno ya kuvua. Yakimezwa, usimeze matonge ya ugali wala ndizi kuyasukuma, nenda hospitali saa hiyohiyo, na waambie ni ya plastiki, kwa sababu akriliki mara nyingi haionekani kwenye eksirei na mtu anaweza kurudishwa nyumbani akiambiwa hamna kitu.

Turudi kwa mama. Mrudishe kwanza pale alipotengenezewa, ndo wenye rekodi zake, ikishindikana hospitali ya mkoa kitengo cha meno, uliza kama wana maabara au wanapeleka wapi. Siku moja kabla ya kwenda ayavae, hata kama yanauma kidogo, ili mchubuko uonekane freshi na daktari ajue hasa wapi pa kupunguza, na msijaribu kukwangua wenyewe na msasa au kisu. Beba dawa zote anazotumia. Mwombe daktari aangalie mdomo mzima, chini ya ulimi na mashavuni, siyo meno tu. Michubuko ya meno inapona ndani ya siku chache ukiondoa kinachochubua, kwa hiyo kidonda chochote kinachopita wiki mbili na meno yamesharekebishwa, au uvimbe, au mdomo wa chini kufa ganzi, hicho kinatakiwa kukatwa kipande kidogo cha nyama kipimwe kama siyo saratani, haraka zaidi kama aliwahi kutumia ugoro au sigara. Baada ya hapo awe anaonwa mara moja kila mwaka, na seti yenyewe kwa kawaida baada ya miaka mitano mpaka saba inahitaji kubadilishwa.

Ukishaenda naye niandikie walichoona, hasa kuhusu ule wekundu, maana kama wiki mbili za dawa zitaisha na usiku alikuwa anavua kweli na bado haujapungua, kuna vipimo vingine vya damu nitataka muombe.